Mlango Mdogo wa Stoo

Leo twawaomba mfuatane nasi mpaka Vwawa, katika nchi ya juu ya Mbozi, ambako baridi ya Juni na Julai huwaweka watoto ndani ya nyumba kwa saa nyingi kuliko wenzao wa pwani. Mtoto akaaye ndani hujitafutia kazi; na kwa mtoto wa miaka miwili hakuna kazi tamu kama kufungua kilichofungwa.

Nyumba nyingi za kwetu ni za matofali ya kuchoma na mabati. Ndani yake, baina ya jiko na chumba cha nyuma, aghalabu huwapo mlango mdogo wa mbao uendao stoo. Fundi huutengeneza mwisho wa kazi yote, kwa mbao zilizosalia, na mahali pa kitasa hupiga msumari mmoja akaupinda. Kimo chake pengine hakizidi futi nne, hata mtu mzima hana budi ainame apate kupita. Mgeni hauoni, mwenyeji hausafishi sana. Walakini tukiuliza ni mlango gani wa nyumba wenye hatari kubwa nyuma yake, jibu ni huo huo.

Natutazame yaliyomo. Mbozi ni nchi ya kahawa, na mwenye kahawa huwa na dawa zake: dawa za shaba za kuzuia kutu ya majani na chulebuni, na sumu za kuulia wadudu. Ni kweli kwamba watafiti wa kahawa, ambao wana kituo chao Mbimba hapa Mbozi, wametoa miche inayostahimili magonjwa hayo mawili, na aliyeipanda hana haja ya kunyunyiza dawa ya shaba mara nyingi kama zamani. Lakini miti ya zamani ingaliko mashambani, na chupa za zamani zingaliko rafuni. Zaidi ya hizo kuna panga, mundu, dawa ya panya, na mafuta ya taa yaliyosalia tangu siku ambazo umeme haujafika.

Juu ya hayo mafuta ya taa twataka kusema neno zaidi. Hukaa katika chupa ya soda. Mtoto anaijua chupa ya soda. Ameiona sikukuu, ameionja, ameililia. Atajuaje kwamba hii si ile? Mzazi asemaye, "Nimemkataza," amesema kweli, lakini chupa yenyewe yamkaribisha mtoto kwa sauti kubwa kuliko ya mzazi. Kwa hiyo kazi ya kwanza si ya seremala. Mafuta na yatiwe katika dumu lake, na kila dawa ibaki katika chombo ilichonunuliwa nacho, pamoja na karatasi yake ya maelezo.

Sasa tuje kwenye mlango. Kwa mlango mrefu shauri ni jepesi: weka komeo juu, futi tano au zaidi kutoka sakafuni, na mtoto wa miaka mitatu hatalifikia, ila akipata kigoda. Mlango wa futi nne hautupi nafasi hiyo. Hata ukitia komeo kwenye ukingo wake wa juu kabisa, mtoto atainua mkono alifikie. Hapa ndipo wengi hukata tamaa wakarudi kwenye msumari uliopindwa.

Kufuli ni dawa moja, nayo ni nzuri, mradi ufunguo utundikwe juu katika chumba cha wazazi. Twajua, hata hivyo, mambo yaendavyo. Mama aingia stoo mara kumi kwa siku, kuchukua unga, kuchukua ungo, kurudisha jembe. Kufuli ifunguliwayo mara kumi hufungwa mara tatu, na siku ya nne huonekana ikining'inia wazi kwenye tumbuu. Kufuli twaipendekeza kwa sanduku la dawa, lisilofunguliwa kila siku. Kwa mlango wenyewe twataka kitu ambacho mkono wa mama utakifungua kwa wepesi, na mkono wa mtoto usikiweze.

Fikira hiyo si ngeni duniani. Katika mwaka 1967 daktari mmoja wa watoto wa mji wa Windsor nchini Kanada, jina lake Henri Breault, aliyechoka kupokea watoto waliomeza dawa za wazazi wao, alihimiza kutumika kwa kifuniko cha chupa ambacho hakifunguki ila kikandamizwe na kuzungushwa kwa pamoja. Mtoto mdogo aweza kukandamiza, tena aweza kuzungusha. Kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja ndiko kunakomshinda. Miaka mitatu baadaye, yaani 1970, Marekani ilitunga sheria iliyodai vifuniko vya namna hiyo kwa dawa na sumu nyingi za nyumbani.

Basi hekima ile ile yaweza kutiwa katika mlango wa stoo kwa vitu vipatikanavyo Vwawa na Tunduma. Nunua kulabu ya chuma na pete yake. Kisha kata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ukikunje mara tatu au nne, ukipigilie kwenye mwimo pale ubao wa mlango unapokaa ukifungwa. Mpira huo huusukuma mlango uje kwetu, na kulabu hukazwa ndani ya pete hata haiinuki. Mtu mzima huukandamiza mlango kwa kiganja, kulabu hulegea, naye huiinua kwa mkono wa pili. Mtoto hupapasa kulabu, huivuta, huona ni ngumu, huenda zake. Ukubwa wa mkunjo wa mpira ndio siri yote: ukiwa mwembamba, mtoto hufungua, ukiwa mnene mno, bibi wa nyumba hukasirika akauondoa. Wanafunzi wetu wa ualimu walipojaribu kazi hii kwa mbao za karakana, walikunja na kukunjua mara nyingi kabla ya kuridhika, na mabishano yalikuwa makali kuliko katika somo la hesabu.

Upande wa bawaba nao usisahauliwe. Mlango ukifunguliwa, huko huwa wazi mwanya unaotosha vidole vya mtoto, na mlango ukirudi vidole husagwa. Kipande cha ngozi au cha mpira, kikipigiliwa kutoka ubaoni hadi kwenye mwimo, huuziba mwanya huo.

Kuna na hatari ya kinyume, yaani mtoto kufungiwa ndani. Marekani watoto kadha wa kadha walikufa kwa kujificha katika majokofu mabovu yaliyotupwa, ambayo hayakufunguka kutoka ndani, hata sheria ya mwaka 1956 ikaagiza milango yake itengenezwe iweze kusukumwa wazi na aliyemo. Stoo yetu si jokofu, lakini ni giza na ina sumu. Atiaye kulabu na aangalie nyuma yake kwanza, mpaka pembeni mwa magunia.

Jambo moja lapita uwezo wa mlango wo wote. Wako wahifadhio mahindi kwa vidonge vya kufukiza. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi yenye sumu kali, nayo hupenya chini ya mlango na katika nyufa za mbao, ikamkuta mtoto kitandani. Atatapika, ataumwa kichwa, atahema kwa shida, na wazazi watadhani ni chakula. Gesi hiyo haina dawa ya kuipinga. Vidonge visitumiwe kamwe ndani ya nyumba wanamolala watu. Na mwenye magunia machache atafute mifuko isiyopitisha hewa, ambayo huwaua wadudu kwa kuwakosesha pumzi, pasipo sumu yo yote.

Na ikiwa mtoto ameonekana na chupa ya mafuta ya taa mkononi, na harufu kinywani? Asitapishwe. Asipewe maziwa, ingawa jirani watayaleta mbio kwa moyo mwema, maana yaweza kumtapisha. Mafuta ya taa hudhuru mapafu kuliko tumbo, na akitapika huweza kuyavuta ndani ya kifua. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe ngozi, apelekwe hospitali upesi, hata kama anacheza na kucheka, kwa kuwa kikohozi na homa huweza kuja baada ya saa kadhaa. Chupa yenyewe ichukuliwe pamoja naye, ili mganga aone kilichonywewa.