Presha, Pumzi na Mtungi wa Maji

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Section 58, Nakuru. Leo tuzungumze juu ya mishipa ya damu, na jinsi inavyobadilika unapoinua kitu kizito na unapojinyoosha.

Kuna mama aliyekuwa akimeza vidonge vya presha. Alianza mazoezi, na siku moja akapimwa muda mfupi baada ya kumaliza. Presha ilikuwa imeshuka. Alifurahi, akaviacha vidonge. Wiki chache baadaye alirudi na maumivu makali ya kichwa, presha ikiwa juu sana. Kosa lilikuwa wapi?

Mama, mshipa wa damu ni kiungo kilicho hai. Ndani yake mna utando mwembamba. Unapofanya mazoezi, damu hupita kwa kasi, na utando huo hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi. Gesi hiyo huulegeza mshipa ukapanuka. Wanasayansi watatu wa Marekani walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa ugunduzi juu ya gesi hiyo. Mishipa ikipanuka, presha hushuka. Lakini hushuka kwa saa chache tu, kisha hupanda tena. Yule mama alidhani amepona.

Sasa tuangalie wakati wenyewe wa kuinua. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 hivi. Misuli ikikaza huibana mishipa, na presha hupanda ghafla. Ukibana pumzi, hupanda zaidi. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima wanaume waliozoea kunyanyua vyuma. Waliposukuma uzito mkubwa kwa miguu yote miwili, presha yao ilifika wastani wa 320 kwa 250! Ilishuka mara walipoacha. Mwenye mishipa mizima huenda asidhurike, lakini mwenye presha asiyejijua yumo hatarini. Katika uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015, karibu mtu mzima 1 kati ya 4 alikuwa na presha ya juu.

Kujinyoosha nako kuna kazi yake. Msuli ukivutwa, mishipa iliyomo huvutwa pamoja nao. Ukiuachia, damu hurudi kwa wingi, na mishipa hulegea.

Basi fanya hivi:

1. Pimwa presha katika kituo cha afya. Keti utulie dakika 5 kwanza. Usipimwe mara tu baada ya kubeba maji au kufanya mazoezi.

2. Unapoinua mtungi, kunja magoti na utoe pumzi. Ukiweza kuhesabu kwa sauti, hujabana pumzi.

3. Angalau siku 2 kwa wiki, fanya mazoezi ya nguvu nyumbani. Keti kitini na kusimama mara 10. Sukuma ukuta kwa mikono mara 10. Pumzika, kisha rudia.

4. Malizia kwa kunyoosha miguu, mikono na mgongo, kila sehemu sekunde 30, polepole, bila kuumia. Usiinuke ghafla, usije ukapata kizunguzungu.

Ikiwa u mjamzito, umejifungua karibuni au una presha, zungumza na muuguzi kabla ya kuanza. Ukipata maumivu ya kifua, kichwa kikali au macho kuona ukungu, acha mara moja uende hospitali.

Kwa kuwa faida ya leo huisha kesho, mazoezi yanahitaji kurudiwa. Na vidonge, mama, usiviache mpaka daktari aseme. Wanao wanakutegemea.