Toa Makohozi, Usitoe Mate

Leo tunazungumza juu ya kupimwa kifua kikuu, yaani TB.

Ukisimama ufuoni Mbita usiku wa giza, mashua huzioni. Unaona taa za wavuvi wa omena tu, na kwa taa hizo unajua walipo. Mtaalamu wa maabara naye huvitafuta vijidudu vya TB kwa namna hiyo.

Makohozi yako hupakwa kwenye kipande cha kioo, hutiwa rangi ya manjano iitwayo auramini, kisha huoshwa kwa asidi. Kijidudu cha TB kina ganda la nta, kwa hiyo hubaki na rangi. Rangi hii ikiwa huru majini hujipindapinda na haitoi mwanga wa maana. Ikibanwa ndani ya kijidudu hutulia, na ikimulikwa kwa taa ya buluu chini ya hadubini, hung'aa. Mwaka wa 2001 huko Hong Kong, Ben Zhong Tang na wenzake walieleza rangi nyingine zinazong'aa zikisongamana, nazo pia kwa kukosa nafasi ya kujipinda.

Mwaka wa 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri hadubini hizi zitumie taa za LED badala ya taa za zebaki, kwa kuwa hutumia umeme kidogo.

Sasa sikilizeni, akina mama na akina baba. Rangi haiwezi kuwasha kitu kisichokuwepo. Ukitema mate, majibu yanaweza kusema huna TB, nawe urudi nyumbani kuwakoholea watoto. Hata mashine ya GeneXpert, ambayo ndiyo hupendekezwa kwanza siku hizi, huhitaji makohozi yenyewe.

Basi fanya hivi. Kwanza, sukutua kinywa kwa maji. Pili, simama nje penye hewa, mbali na watu. Tatu, vuta pumzi ndani mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka chini kifuani. Nne, tema ndani ya mkebe, funga kifuniko, unawe mikono.

Ukiambiwa huna TB na bado unakohoa, unatoka jasho usiku au unakonda, rudi kituoni. Usione haya. Dawa za TB ni bure katika vituo vya serikali, na ukizimaliza utapona.