Ushindi Anaoukubali Aliyeshindwa: Majivuno na Uungwana wa Nyota wa Soka



Mada ya jioni hii ni majivuno na uungwana wa nyota wa kandanda. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa la malezi tu, la kuachiwa wazazi. Mimi naamini linagusa thamani ya ushindi wenyewe. Ubao wa matokeo hutangaza aliyeshinda, lakini anayeukamilisha ushindi ni yule aliyeshindwa, anapokubali moyoni kwamba amezidiwa. Nyota anayemnyima mpinzani sababu ya kukubali hujipunguzia ushindi wake kwa mikono yake.

Twendeni Johannesburg, tarehe 2 Julai 2010, uwanja wa Soccer City. Ni robo fainali ya Kombe la Dunia, Ghana na Uruguay zimefungana 1–1, na dakika za nyongeza zinayoyoma. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika nusu fainali. Cameroon mwaka 1990 na Senegal mwaka 2002 ziliishia robo fainali. Dominic Adiyiah wa Ghana akapiga kichwa, mpira ukawa unakwenda wavuni. Luis Suárez, mshambuliaji wa Uruguay aliyekuwa amerudi kulinda mstari wa goli, akaupangua kwa mikono. Refa akampa kadi nyekundu, Ghana wakapewa penalti. Asamoah Gyan, aliyekwisha kufunga penalti mbili katika mashindano hayo, akagonga mtambaa wa panya. Uruguay wakasonga mbele kwa mikwaju ya penalti, 4–2.

Mikono ile imejadiliwa sana, nami sitairudia kesi ambayo sheria iliimaliza palepale uwanjani. Kosa lilionekana, adhabu ikatolewa. Ninachotaka tukitazame ni yaliyofuata, kwa sababu uungwana huanza pale sheria inapoishia.

Suárez, akiwa njiani kuelekea vyumbani, aliushangilia mkwaju uliokosa, kisha akajisifu kwamba ameokoa mpira vizuri kuliko kipa yeyote wa mashindano hayo. Miaka 12 baadaye, nchini Qatar, timu hizo zilipokutana tena, safari hii katika kundi moja, aliulizwa kuhusu siku ile. Hakuomba radhi; alijibu kwamba aliyekosa penalti ni mchezaji wa Ghana. Uruguay walishinda mechi ile 2–0, lakini timu zote mbili zikatolewa, na Waghana wengi wakaishangilia safari ya Uruguay kurudi nyumbani kama vile wao wenyewe wamefuzu. Ushindi wa 2010 ulikuwa halali katika vitabu, lakini haukuwahi kukubaliwa na walioshindwa.

Sasa mtazameni Gyan. Dakika chache baada ya kukosa mkwaju uliobeba matumaini ya bara zima, alitangulia wenzake wa Ghana katika kupiga penalti, akafunga. Mtu asiyejiamini hawezi kufanya hivyo. Kwa hiyo tusiwadanganye vijana kwamba nyota mwema ni yule anayejidharau. Soka inamhitaji mtu anayeamini kwamba mpira ukimfikia, ataweza. Tofauti iko hapa: ujasiri hukubali kubeba lawama, majivuno hutafuta wa kumtwika.

Mfano wa pili unatoka Italia. Tarehe 26 Septemba 2012, Miroslav Klose wa Lazio alifunga bao dhidi ya Napoli huku mchezo ukiwa bado mchanga. Refa alilikubali. Klose akamwendea, akamweleza kuwa mpira umemgusa mkono. Bao likafutwa, wachezaji wa Napoli wakamfuata kumpa mkono. Lazio wakafungwa 3–0. Huyu ndiye aliyeondoka Kombe la Dunia la 2014, nchini Brazil, akiwa bingwa wa dunia na rekodi ya mabao 16 katika historia ya fainali hizo. Kiu yake ya kufunga haikuwa ndogo.

Matokeo yale ya 3–0 nimeyataja makusudi. Mara nyingi tunawaambia watoto kwamba uungwana hulipa. Katika jedwali la ligi, mara nyingi haulipi. Klose alilipia ukweli wake, na thamani ya tendo lile imo katika gharama hiyo. Thierry Henry naye alikiri kuushika mpira uliozaa bao la Ufaransa dhidi ya Ireland, Novemba 2009, na siku mbili baadaye akasema kurudia mechi ndiyo haki. Lakini alikiri baada ya kipenga cha mwisho, Ufaransa ikiwa imekwisha kufuzu Kombe la Dunia. FIFA ilikataa kurudia. Ukweli uliochelewa haukuirudishia Ireland chochote.

Je, mzigo huu aachiwe nyota peke yake? Hapana. Tarehe 28 Aprili 2019, Leeds United walifunga bao dhidi ya Aston Villa huku mchezaji wa Villa akiwa amelala chini, na wapinzani wao wakidhani mpira utatolewa nje. Kocha Marcelo Bielsa akawaamuru wachezaji wake wawaachie Villa wasawazishe. Pontus Jansson, beki wa Leeds, bado alijaribu kumzuia mfungaji. Mechi ikaisha 1–1. Naona funzo kubwa hapo: uungwana unahitaji kiongozi mwenye mamlaka ya kuuamuru, hata mbele ya wachezaji wake wenye hasira.

Nasi mashabiki tuna sehemu yetu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mchezaji wetu akijiangusha ndani ya boksi tunamwita mjanja. Wa upande wa pili akifanya vilevile tunamwita mwizi. Redioni na magazetini tunampamba kijana kwa majina ya kifalme kabla hajamaliza msimu mmoja, kisha tunashangaa anapogoma kukaa benchi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Makocha wa vijana, mwondoeni uwanjani anayejiangusha, hata kama ndiye mfungaji wenu bora, hata kama mnaongoza kwa bao moja tu. Waandishi na watangazaji, ukweli wa mchezaji upeni nafasi ileile mnayolipa bao. Nanyi wanafunzi, mashabiki wa kesho, msiogope kusema "hili halikuwa bao" timu yenu inapolipata isivyo haki. Nyota hufuata anachoshangiliwa. Tuchague vizuri tunachokishangilia.