Wakili wa Makampuni Anatafuta Nini Kwetu?

Haya ni maneno ya wakili wetu kwenye darasa la vijana. Tumeyaweka kama alivyoyasema.



Wengi mnajiuliza: huyu ni wakili wa makampuni, huku kwenye mapambano kafuata nini? Swali ni halali. Ngoja niwaeleze kazi yenyewe, kisha mtahukumu.

Njia yake ni ndefu. Unasoma shahada ya sheria, halafu unakwenda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Pale si lelemama. Mwaka 2022, kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Ukivuka hapo ndipo unaapishwa kuwa wakili.

Wakili wa makampuni humwoni sana mahakamani. Yeye yuko na makaratasi: anasajili kampuni BRELA, anagawa hisa, anaandika mikataba, anakagua madeni ya kampuni kabla haijanunuliwa. Kazi yake ni kuona ugomvi kabla haujazaliwa.

Upande wa pili ni miliki ubunifu. Kamanda una nembo ya biashara yako ya viatu? Ukiisajili BRELA inalindwa miaka 7, halafu unahuisha kila miaka 10. Lakini usajili wa Bara hauvuki maji. Zanzibar wana sheria na ofisi yao. Msanii, wimbo wako unalindwa tangu ulipoutunga, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Ila ukisaini karatasi ya kuukabidhi kwa mtu, umeukabidhi.

Mnasema hayo ni mambo ya Wazungu? Disney walisajili "Hakuna Matata" Marekani mwaka 2003, kwa ajili ya fulana. Maneno ya Kiswahili hayo! Hawajatukataza kuyatamka, lakini kule haki ya kuyauza kwenye nguo waliishika wao. Anayewahi kujiandikisha ndiye anayekaa mbele.

Sasa tuje kwenye siasa. Tarehe 10 Juni 2023 Bunge liliridhia mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai. Nchi nzima ilibishana. Tuulizane wenyewe kwa wenyewe: wangapi tulisoma ibara zake, na wangapi tulisambaza tu vipande vya WhatsApp? Ipo sheria ya mwaka 2017 inayolipa Bunge mamlaka ya kupitia mikataba ya maliasili yenye masharti hasi na kuitaka serikali ijadiliane upya. Meno yapo. Lakini mbunge asiyejua kusoma mkataba atayatumiaje?

Ndiyo maana niko hapa. Wenye fedha wana mawakili wanaosoma hadi nukta. Sisi tukibaki na kelele tu, watatushinda mchana kweupe.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Usisaini mkataba siku uliyoletewa. Soma kwanza muda wake, namna ya kuuvunja, na nani anabaki na mali. Na ninyi mnaosoma sheria, msikimbilie jinai peke yake. Njooni huku kwenye mikataba. Siku tukishika dola, mezani tutahitaji watu wanaojua wanachosaini.