OILI YA NOAH YETU: TUSOME KABLA YA KUMIMINA

(Maneno ya Katibu wa Chama mbele ya mkutano wa wanachama wa ushirika. Yameandikwa hapa ili na wale ambao hawakuwepo wayasome.)



Nimeombwa niseme machache juu ya oili ya gari letu. Mtasema, Katibu na oili wapi na wapi? Jibu langu ni hili: gari lile si la dereva, wala si la Kamati. Ni makato ya mazao yenu, msimu baada ya msimu. Giaboksi yake ikifa, ni mazao yenu yaliyokufa. Kwa hiyo jambo hili ni la mkutano wote.

Pametokea ubishi. Wengine wanasema tutie oili nzito ya namba 40, kama ya trekta la zamani, maana nchi yetu ni ya joto. Wengine wanasema oili yoyote mradi ni oili. Wengine wanasema tumwachie fundi. Mimi nasema, tuliulize gari lenyewe, kwani limeandikwa.

Fungueni boneti. Juu ya mfuniko wa kutilia oili ya injini pameandikwa 5W-30. Kitabu cha gari ni cha Kijapani, hatukiwezi; lakini namba hizo ni zile zile tulizojifunza katika darasa la watu wazima. Basi tuzisome.

W ni herufi ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba iliyo kabla yake inaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Namba ya mwisho ni uzito wake ikishapata moto, kipimo cha nyuzi 100. Namba ikiwa ndogo, oili ni nyepesi. Injini ya Noah ina njia nyembamba za oili, na mtambo wa kubadilisha majira ya valvu unaosukumwa na oili hiyo hiyo. Oili nzito mno huchelewa kufika juu asubuhi gari likiwashwa, na wakati huo ndipo vyuma husagana sana. Na hilo la joto la nchi, ndugu zangu, injini ikishapata moto joto lake halipishani sana na la Japani, maana linatawaliwa na thamostati na rejeta. Oili ya 40 tuliache trekta liendelee nayo.

Tena kwenye galoni kuna herufi nyingine. Ikianza S ni ya injini ya petroli. Ikianza C ni ya dizeli. Herufi inayofuata ikiwa mbele zaidi katika alfabeti, oili ni ya kiwango kipya zaidi: SN ilianza mwaka 2010, SP mwaka 2020. Kwa dizeli, CI-4 ni mpya kuliko CF-4. Noah yetu ni ya petroli, basi tutafute S. Galoni zenye S na C pamoja zipo, nazo zinafaa zote mbili, mradi namba ya uzito ni ile ile.

Sasa nije kwenye giaboksi, maana hapa ndipo watu wanapolia. Katika gia za otomatiki, oili hailainishi tu. Yenyewe ndiyo inayobeba nguvu ya injini na kubana klachi za ndani. Ukikosea oili, klachi zinateleza, zinaungua, basi tena.

Sikilizeni vizuri. Noah za umbo hili zilianza kutoka mwaka 2001 zikiwa na otomatiki ya gia nne. Mwaka 2004 zikabadilishwa, zikawekewa gia za aina ya CVT, yaani mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Ukiziona barabarani ni kama mapacha, lakini oili zao haziingiliani. Ile ya kwanza inataka T-IV. Ya CVT inataka oili ya CVT, inayoufanya mkanda ushike usiteleze. Ile nyekundu ambayo mafundi wanaiita hidroliki, ukiitia kwenye CVT, umeliua gari. Ya kwetu ni ya mwaka 2003, na kijiti cha kupimia kimeandikwa T-IV. Wala msidanganywe na galoni iliyoandikwa WS kwa sababu nayo ni ya Toyota. Hiyo ni nyepesi zaidi, ni ya gari jingine.

Kwa wenye Hiace za gia za mkono, tazameni GL-4 na GL-5. Difu inataka GL-5, maana meno yake yanasuguana kwa nguvu kubwa. Lakini GL-5 nyingine hula ringi za shaba zilizo ndani ya giaboksi. Kitabu kikitaka GL-4, tieni GL-4.

Kwa hiyo naomba mkutano ukubali haya:

1. Namba za mfuniko na za kijiti ziandikwe kwa rangi ukutani mwa ofisi.

2. Oili inunuliwe na watu wawili, mmoja awe mhitimu wa darasa letu, asome galoni kabla ya kulipa. Galoni yenye mfuniko uliokwisha kufunguliwa isinunuliwe.

3. Dereva apime oili ya injini kila asubuhi, injini ikiwa imezimwa. Ya giaboksi apime gari likiwa na moto na linanguruma.

4. Tarehe na kilomita za kumwaga oili ziandikwe daftarini. Barabara yetu ni ya vumbi na mizigo ni mizito, basi tumwage mapema kuliko gari la mjini, na filta ibadilishwe pamoja.

5. Oili chafu isimwagwe mtoni. Ikusanywe kwenye pipa.

Fundi tunamheshimu, na kazi ni yake. Lakini mwenye mali anayejua kusoma hamsumbui fundi, anamsaidia. Tulipokaa jioni zile na kibao na chaki, wengine walituuliza mtu mzima anasoma ili iweje. Basi na sisi tumjibu kwa gari lisilolala gereji.

Elimu haina mwisho. Ushirika ni nguvu. 

Katibu wa Chama, Kijiji