Yatima wa uongo katika ghala la diski

Msikilizaji, mwaka 1999 kampuni ya VMware, iliyoasisiwa mwaka mmoja kabla huko Palo Alto, California, ilitoa programu iliyoiwezesha kompyuta moja kufanya kazi kana kwamba ni kompyuta kadhaa. Kila moja kati ya hizo, ambazo huitwa mashine pepe, hujiona ina diski yake yenyewe. Kwa hakika diski hiyo ni faili tu, lililowekwa katika ghala la data pamoja na mafaili ya mashine nyingine. Msimamizi wa ghala hilo hana budi kujua nafasi iliyobaki, na ni nani aliyeichukua iliyokwisha.

Jibu lake si jepesi, kwa kuwa diski pepe ina vipimo viwili: ukubwa iliyoahidiwa na nafasi iliyokwisha kuitumia. Tuseme ghala lina gigabaiti 1,000, na mashine 20 zimeahidiwa gigabaiti 100 kila moja. Ahadi ni mara mbili ya ghala, na bado kazi yaweza kwenda vizuri kwa miezi mingi huku mafaili yakinenepa polepole. Siku ghala linapojaa, mashine inayohitaji nafasi mpya ya kuandikia husimama, iwe ni ya mishahara au ya maabara ya hospitali.

Ndiyo maana wasimamizi huandika skripti, yaani maagizo mafupi ambayo kompyuta huyarudia kila usiku bila kuchoka. Katika mitambo ya VMware wengi hutumia PowerCLI, iliyojengwa juu ya PowerShell ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2006. Wanaotumia QEMU, iliyobuniwa na Mfaransa Fabrice Bellard, wana amri ya qemu-img info, ambayo hutaja vipimo vyote viwili.

Kazi inayopendwa zaidi ni kuwasaka yatima, yaani diski zilizoachwa na mashine ambazo hazipo tena. Skripti huandaa orodha mbili: ya diski zinazotajwa na mashine zote, na ya diski zilizomo ghalani. Kilicho katika orodha ya pili na hakimo katika ya kwanza huhesabiwa kuwa takataka. Hesabu hiyo inavutia, na ndiyo inayoweza kuleta msiba.

Kabla ya kubadili programu, msimamizi huweza kuagiza hali ya mashine igandishwe, ili mambo yakiharibika arejee pale alipoanzia. Tangu hapo faili la asili haliandikwi tena. Mabadiliko huingia katika faili jipya, lenye tarakimu 000001 katika jina lake, na ni hilo jipya tu ambalo mashine hulitaja kuwa diski yake. Skripti isiyojua jambo hili italiona faili la asili, lililobeba karibu kila kitu, halina mwenyewe. Mashine ikiwa inafanya kazi, faili hilo hufungwa na halifutiki kwa urahisi. Ikiwa imezimwa, kufuli hiyo haipo.

Dawa yake imo katika mafaili yenyewe. Kwa kawaida diski ya VMware huwa na faili dogo la maandishi linaloieleza, na kando yake faili kubwa lenye data. Baada ya kugandishwa, maelezo ya diski mpya humtaja mzazi wake, na skripti nzuri hufuata ukoo huo mzazi kwa mzazi hadi mwanzo, kabla ya kumwita yeyote yatima. Aidha huuliza mitambo yote inayotumia ghala hilo, kwa sababu mwenyewe huenda ameandikishwa kwa jirani. Nayo husoma tu; amri ya kufuta haimo ndani yake.

VMware yenyewe ilishauri kwamba hali iliyogandishwa isiachwe kwa zaidi ya saa 72, maana faili la mabadiliko laweza kukua hata kufikia ukubwa wa diski nzima. Hivyo ripoti ya kila asubuhi huanza na yale yaliyopita muda huo, pamoja na tarehe na jina la aliyeagiza, kama lingali linajulikana.