MSAADA, FIDIA NA BIMA: MANENO YA KATIBU KWENYE KIKAO CHA TAWI

Ndugu wanachama, wengi Jumapili mlikuwa machimboni na mnadani, na waliofika kikaoni wameomba maneno yangu yaandikwe. Nayatuma kama nilivyoyasema. Tafadhali wasomeeni na wale wasio na simu.



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia mvua. Najua mnajiuliza Katibu ana nini na mvua wakati vumbi la barabara ya machimbo limetufunika mpaka kope. Ndiyo maana naongea leo. Vuli ikishaanza, haya ninayoyasema hayatakuwa na faida.

Wapo wanaosema mafuriko ni habari za Pwani, za Rufiji na Kibiti. Kweli, Aprili 2024 wenzetu kule waliteseka sana, na Aprili 25 mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kuwa mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Lakini sisi wa Shinyanga hatuhitaji kwenda Rufiji kutafuta mfano. Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo ilipiga Mwakata, wilayani Kahama. Mabati yaling'oka, kuta za tope zikalowa na kuwaangukia watu wakiwa wamelala. Walikufa zaidi ya 40 katika usiku mmoja. Hakukuwa na mto mkubwa pale wala bahari. Palikuwa na maji mengi, ukuta dhaifu na giza.

Sasa nije kwenye jambo langu. Kila maafa yakitokea tunasema "watu watalipwa". Mimi ni mhasibu, na mhasibu huuliza: watalipwa kutoka mfuko gani? Ipo mifuko mitatu, na tunaichanganya.

Wa kwanza ni MSAADA. Huu unatolewa kwa huruma na kwa wajibu wa Serikali na jamii: unga, mahema, blanketi. Mwakata walipata msaada, na Rais Kikwete alifika mwenyewe kuwapa pole. Lakini msaada hauangalii ulipoteza nini. Aliyepoteza ng'ombe 20 na aliyepoteza kuku wawili wanaweza kupewa mfuko ule ule wa unga. Huwezi kuudai mahakamani.

Wa pili ni FIDIA. Hii hulipwa na mwenye kosa. Novemba 7, 2022, ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulipasuka. Tope likaingia kwenye makazi na mashamba ya Ng'wang'holo na Nyenze. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu, na mgodi ulibeba jukumu la kuwafidia walioathirika. Kwa nini? Kwa sababu bwawa lina mwenyewe. Mvua ya Mwakata haikuwa na mwenyewe. Huwezi kuishtaki mbingu. Na ukijenga ndani ya mita 60 za kingo za mto, unavunja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Usikae hapo ukihesabu fidia.

Wa tatu ni BIMA. Hii ni mkataba. Unalipa kidogo kabla, ili ukipata hasara ulipwe kwa HATARI ILIYOANDIKWA. Nisikilizeni hapo kwenye iliyoandikwa, maana ndipo nilipoanguka mimi.

Mnalikumbuka duka langu la pembejeo kule bondeni. Nilikopa kulianzisha, na kwenye mkopo nikakatwa hela ya bima. Nikatembea kifua mbele. Maji yalipoingia usiku na kuyeyusha mbolea na kuozesha mbegu, hasara ya Sh 3,400,000, nilikwenda kudai nikiwa nimevaa shati la kupiga pasi. Nikaonyeshwa mkataba wangu mwenyewe: moto, radi, na wizi wa kuvunja. Mafuriko yalikuwa kwenye orodha ya yasiyolipwa, labda mteja aombe yaongezwe na alipie. Nyongeza yenyewe ilikuwa Sh 25,000 kwa mwaka. Sahihi ilikuwa yangu. Mimi mwenye stashahada ya uhasibu, ninayewakagulia vitabu vyenu vya vikoba, sikusoma ukurasa wa tatu.

Hilo la kwangu nimelimeza. Linaloninyima usingizi ni kwamba wanachama wawili wa tawi hili walikopa mahali pale pale kwa sababu niliwaambia, "Msiogope, kuna bima." Mmoja mpaka leo analipa mkopo wa mashine ya kusaga iliyoharibiwa na maji yale yale. Wote wawili wako humu ndani. Nawaomba radhi mbele ya wanachama.

Kwa hiyo, mwenye duka, karasha, mashine ya kusaga au ghala la mpunga, kabla hujasaini uliza mambo manne.

1. Neno MAFURIKO limeandikwa kwenye yanayolipwa? Usikubali jibu la mdomo. Hata Marekani bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, ndiyo maana mwaka 1968 serikali yao ilianzisha mpango maalumu wa bima hiyo.

2. Bima hii inamlinda nani? Ile inayokatwa kwenye mkopo mara nyingi ni ya kifo cha mkopaji, ili deni lilipwe. Mali yako haimo.

3. Nimetaja thamani ya kweli? Mali ya Sh 10,000,000 ukiikatia bima ya Sh 5,000,000 ili ulipe kidogo, ukipata hasara ya Sh 4,000,000 unaweza kulipwa Sh 2,000,000 tu, kwa sababu ulilinda nusu. Uliza pia kiasi cha kwanza cha hasara utakachobeba mwenyewe.

4. Inaanza lini kufanya kazi? Huo mpango wa Marekani kwa kawaida humtaka mteja asubiri siku 30, kusudi mtu asinunue bima akiwa ameshaona wingu.

Wakala awe na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA. Kampuni ikikataa kulipa na unaona umeonewa, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Nisiwadanganye. Nyumba ya tope kwenye mbuga, pembeni ya majaruba, usitegemee kampuni ikupokee kirahisi. Maji yakija hapo yanapiga nyumba zote kwa siku moja, na mwenye bima anajua hesabu hiyo. Kwa nyumba hiyo kinga ni msingi wa mawe, mtaro uliozibuliwa, na kujua utalala wapi mvua ikizidi.

Na wenzetu wa machimboni: bima ya karasha haimlindi aliye chini ya duara. Januari 2024 kule Ng'alita, Bariadi, watu zaidi ya 20 walifukiwa wakafa katika kipindi cha mvua. Ardhi ikilowa, matimba hayatoshi. Na duara lililoachwa likijaa maji halionekani, mtoto analikanyaga kama dimbwi. Lizungushiwe uzio sasa.

Naleta mapendekezo matatu, tuyapigie kura kikao kijacho.

Kwanza, kila balozi aandike nyumba zote zilizo bondeni: ukuta wa tope au wa tofali la kuchoma, kuna mzee, mgonjwa au mtoto mchanga, na watahamia kwa nani. ZOTE, za wanachama na wasio wanachama. Maji hayaulizi kadi. Orodha tuikabidhi kwa serikali ya kijiji kwa ajili ya kamati ya maafa.

Pili, tutenganishe mfuko wa maafa na mfuko wa misiba. Sh 1,000 kwa mwezi kila mwanachama, daftari lake peke yake, na hesabu isomwe kila kikao. Mfuko huu si bima na hautajenga nyumba. Ni wa siku tatu za mwanzo: chakula, blanketi, usafiri wa mgonjwa.

Tatu, kila Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa ofisi ya tawi. Leteni mikataba yenu tuisome pamoja, bure. Ni deni ninalolilipa.

Sitaahidi kwamba Chama kitamlipa mtu nyumba yake. Anayeahidi hivyo kabla ya mvua hatampata wa kumjibu baada ya mvua.



Katibu wa Tawi